Siku Thelathini na Moja Kwenye Uzi

Watu wa mtaa walimwita Bwana Mizani, na jina hilo hakulichukia, maana alilitolea jasho. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mkaguzi wa mizani. Aliingia madukani bila taarifa, akaweka mawe yake ya shaba kwenye sahani ya mizani ya mtu, akakunja mikono kungoja mshale utulie. Ukidanganya, hata kwa gramu kumi, aliifunga mizani hiyo kwa waya na kuipiga lakiri, na hapo hapakuwa na cha undugu wala cha ujirani. Mjomba wake mwenyewe alifungiwa mizani ya sukari, akakaa miaka minne bila kumsemesha. Bwana Mizani aliivumilia miaka hiyo minne kama mtu anavyovumilia kiatu kinachobana, akijua kuwa si yeye aliyekosea.

Alipostaafu, mikono ilimkosesha raha. Alifungua bawaba za milango zisizokuwa na tatizo, akazifunga tena. Alipanga vijiko kwa urefu. Mwisho mke wake akamwambia, "Baba, ama utafute kazi ya mikono, ama mimi nihame." Akamkabidhi jiko kila Jumatano, aoke biskuti za kikundi chake.

Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokubali kusema. Kila donge la unga alilipima: gramu ishirini, si zaidi, si pungufu. Biskuti zilitoka tanurini zikiwa zimesimama mstari mmoja, rangi moja, unene mmoja.

"Tamu," mke wake alisema siku ya kwanza, "lakini zinanitisha. Naona kama zitanipigia saluti."

"Angalau hakuna atakayelalamika mwenzake kapata kubwa."

"Nani alikwambia wanalalamika? Watu wazima wale."

"Watu wazima ndio walalamikaji wakubwa. Nimewakagua."

Kikundi chenyewe kilikuwa cha wanawake saba waliokutana kila Alhamisi saa kumi alasiri katika chumba kidogo nyuma ya maktaba, penye meza ndefu na dirisha la kusini. Mmoja alifuma sweta za watoto wachanga, mwingine alisuka vikapu vya karatasi za magazeti ya zamani, mwingine aliyeyusha mabaki ya mishumaa akatengeneza mipya. Mke wa Bwana Mizani alitunga shanga. Hawakuuza kitu. Walitengeneza ili wawe na cha kumpa mtu kwa mkono wao, jambo ambalo siku hizi limekuwa adimu, na ambaye hajawahi kulifanya hajui anachokosa.

Kikundi kilikuwa na kanuni moja tu, nayo ilishikwa kwa ukali. Hakuna kazi iliyotoka chumbani mle kabla ya kusomwa. Aliyeitengeneza alikaa, akafumba macho, na mwenzake akaishika kazi na kuisoma kwa sauti: mishono mingapi, rangi gani baada ya ipi, kifundo kiko wapi. Mwenye kazi akisikia inalingana na aliyoikusudia, alisema, "Ndiyo yenyewe," na kazi ikafungwa kwenye karatasi. Isipolingana, ilifumuliwa hapo hapo, hata kama arusi ilikuwa kesho. Aliyezisoma shanga kwa kawaida alikuwa jirani yao, mfumaji wa sweta, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sufu.

Sasa, mwezi wa kwanza mwaka ule, mke wa Bwana Mizani alikwenda kwa daktari wa macho. Daktari alimmulika, akamwambia kuna ukungu mdogo unaanza, si wa kuogopesha. "Endelea na shughuli zako, mama. Lakini siku utakapoanza kukosea rangi, usingoje. Rudi, tutauondoa."

Bwana Mizani alikuwepo. Aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mawili.

Mwezi wa tatu, Jumatano moja mchana, biskuti zikiwa tanurini na mke wake amejilaza kama kawaida yake, aliuona mkufu uliokwisha juu ya meza. Ulikuwa wa buluu iliyoiva, zawadi ya kumpa mkutubi wa maktaba ile. Katikati ya buluu zile kulikuwa na shanga mbili nyeusi. Alivaa miwani, akausogeza dirishani. Nyeusi kabisa.

Angeweza kumwamsha. Ndivyo angefanya Bwana Mizani wa miaka yote ile. Lakini asubuhi alikuwa amemsikia akiimba akiwa na sindano mkononi, na akakumbuka jinsi alivyotoka kwa daktari akimshika mkono kwa nguvu kuliko kawaida. Akasema moyoni, ni mbili tu. Akakata uzi, akatoa nyeusi, akatia buluu, akafunga vifundo kama alivyomwona mke wake akifunga. Kesho yake Mama Sufu alisoma, "Buluu, buluu, buluu mpaka mwisho," na mke wake akasema, "Ndiyo yenyewe," akarudi nyumbani amechangamka.

"Macho yangu bado kabisa, baba," alisema. "Yule daktari ana haraka."

Bwana Mizani alijibu kwamba chai inapoa.

Basi ikawa ndiyo kazi yake ya Jumatano. Mwezi wa nne ilikuwa zambarau iliyoingia kwenye kahawia. Mwezi wa sita ilikuwa karibu nusu ya mkufu. Alijiambia kwamba ni huruma, na sisemi kwamba haikuwa huruma. Lakini mtu aliyeweka lakiri kwenye mizani za watu alipaswa kujua kwamba mkono unaoegemea sahani ni mkono unaoegemea sahani, hata ukiwa wa upendo. Alichokuwa anakiiba si rangi. Alikuwa anamwibia mke wake ile siku ya kurudi kwa daktari.

Mwezi wa nane binti yao wa pekee alipiga simu. Alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, na madaktari walikuwa wamemwambia apumzike sana. Angekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata kukaa kwa wazazi wake mpaka ajifungue. Sauti yake kwenye simu ilikuwa nyembamba.

Mke wa Bwana Mizani aliingia dukani na Mama Sufu, wakarudi na pakiti mbili za shanga kubwa za kioo. Kwa siku sita alifanya kazi mlango umefungwa. Mume wake alipouliza, alijibiwa, "Utaona na wenzako."

Jumatano mchana akauona mkufu wenyewe mezani. Shanga za buluu na za kijani, zimechanganyika ovyo: kijani tatu, buluu moja, kijani moja, buluu nne, tena kijani mbili. Hakuwa ameona kosa kubwa namna ile. Akazihesabu, maana mkono wake haukuwahi kupita mbele ya kitu bila kukihesabu: buluu ishirini na moja, kijani kumi. Akatabasamu peke yake. Buluu mbili, kijani moja, mara kumi. Na buluu ya mwisho ya kufungia. Hesabu iliingia bila baki. Hakika ndivyo alivyokusudia. Akakata uzi, akautunga upya vizuri, akaupaka nta, akaurudisha mahali pake kabla mke wake hajaamka. Hakuwahi kufanya kazi safi kama ile.

Alhamisi alibeba sinia la biskuti mwenyewe, kwa sababu mke wake alitaka awepo.

"Karibu, shemeji," alisema Mama Sufu. "Umezipima leo, au tukuletee mashahidi?"

"Gramu ishirini kila moja."

"Mimi naomba ya ishirini na moja, unifiche."

"Huyo hafichi kitu," alisema mke wake akicheka. "Muulize mjomba wake." Akakaa, akafumba macho, akaweka mikono magotini. "Nisomee, jirani. Polepole. Huu ni wa mwanangu."

Mama Sufu aliushika mkufu. "Buluu mbili, kijani. Buluu mbili, kijani. Buluu mbi..."

"Hapana. Anza tena."

"Buluu mbili, kijani moja."

"Anzia upande wa pili."

"Buluu. Kijani. Buluu mbili. Kijani. Ni mpango mzuri, shoga yangu, unarudia rudia."

"Haurudii," alisema mke wa Bwana Mizani. Alikuwa amefumbua macho sasa. "Ya kwanza ni kijani. Ya kwanza, ya pili na ya tatu."

Akaupokea mkufu, akauweka mapajani. Akaanza kuwaeleza, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Binti yake alizaliwa kabla ya wakati, akakaa siku thelathini na moja kwenye kisanduku cha kioo. Wauguzi walitundika kadi kwenye kisanduku: buluu kama mtoto ameshinda salama, kijani kama siku hiyo daktari ameitwa. Kadi ilikuwa ya siku nzima. Hizo siku alikuwa anazikariri kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya mtoto, kimya kimya, anapokoroga unga wa keki. Sasa mtoto mwenyewe alikuwa anaogopa, na mama yake alitaka kumvika zile siku, azishike kwa vidole aone kwamba za kijani zilikuwa nyingi na bado akatoka.

"Nilizitunga zilivyokuwa," alisema. "Nilichota buluu bakuli la kushoto na kijani la kulia. Jirani, si wewe ulinitengea?"

"Mimi mwenyewe. Na pakiti nikaandika."

"Basi mikono ilitunga kingine." Akautazama mkufu mapajani. "Mama yangu alianza hivi hivi. Alikuwa anajua anachotaka kusema, mdomo unasema kingine. Miaka mitatu ya mwisho aliniita dada."

Bwana Mizani alisimama na sinia lake. Biskuti hamsini na sita, gramu ishirini kila moja. Wanawake sita walikuwa wanamtazama mke wake, na yeye, aliyewahi kumsomea mfanyabiashara mkubwa kosa lake mbele ya soko zima, hakuweza kufungua kinywa.

Walirudi nyumbani. Jua lilikuwa bado halijazama. Mke wake alivua viatu, akaenda moja kwa moja mezani, akaanza kumimina shanga za kila bakuli kwenye mitungi. Sindano akazichoma kwenye kipande cha sabuni. Koleo ndogo akaifunga kwenye kitambaa.

"Unafanya nini, mama?"

"Nampa Mama Sufu. Ana wajukuu, watachezea."

"Kwa mkufu mmoja?"

"Si mkufu, baba. Ni kichwa." Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililomshinda mumewe. "Afadhali niache mwenyewe kuliko watu waanze kunionea huruma. Ila mtoto usimwambie sasa. Ana yake."

Bwana Mizani akavuta kiti. Hakukikalia, alikishika tu mgongo.

"Kichwa chako ni kizima," alisema. "Mkufu niliufumua mimi."

Mke wake aliendelea kumimina shanga kwa muda, kisha mtungi ukajaa, zikamwagika.

"Uliufumua vipi?"

"Jana. Ulipolala. Nilidhani umekosea rangi."

"Kwa nini nikosee rangi?"

Ikabidi aseme yote. Alianza na mkufu wa mkutubi, akashuka mwezi hadi mwezi. Alisema wima, mikono ubavuni, kama walivyokuwa wakisimama mbele yake wale wenye maduka. Hakujipunguzia.

"Mingapi?" mke wake aliuliza.

"Kumi na saba, pamoja na huu."

"Umehesabu."

"Nimehesabu."

Alikaa kitini. Aliinua mkono, akautazama kwa jicho moja, halafu kwa jingine. "Kwa hiyo macho yangu ni mabaya tangu mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Na daktari alisema nirudi."

"Ndiyo."

"Na mimi nikawa nawaringia watu. Namcheka daktari. Nawaambia wenzangu, tazameni, miaka sitini na sita na sikosei hata ushanga mmoja." Sauti yake haikupanda. "Leo nimekaa kule nikiaga akili zangu, mbele ya watu, na wewe umesimama na biskuti."

"Nilishindwa."

"Wewe ulimfungia mjomba wako mizani kwa gramu kumi."

Mke wake akainuka, akaingia chumbani. Hakuufunga mlango kwa kishindo, aliufunga tu. Bwana Mizani alipiga magoti akaanza kuokota shanga zilizomwagika, moja moja, mpaka chini ya kabati. Huko chini, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alielewa mjomba wake alijisikiaje, na akaona kwamba lakiri aliyompiga ilikuwa ya haki vilevile.

Ijumaa asubuhi mke wake alimpa chai, hakumpa neno. Saa nane mchana, saa yake ya kujilaza, hakujilaza. Alitoka na mabakuli mawili, uzi na mkufu, akaviweka mezani mbele ya mume wake.

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa macho."

"Tutakwenda."

"Na kuanzia leo, nikikosea, unaniambia. Nikikasirika, nikasirike. Hasira ni yangu, usinitunzie."

"Sawa, mama."

"Haya, kata. Binti anafika kesho. Mimi nasema, wewe unatunga. Macho ya kutosha unayo."

Alikata uzi. Shanga ziliteremka kwenye kitambaa. Mke wake alifumba macho, kama kule kikundini, akaanza. "Ya kwanza, kijani. Ya pili, kijani. Ya tatu, kijani; hiyo ndiyo siku walimtoboa mguu kutafuta mshipa, muuguzi analia kuliko mimi. Ya nne, buluu. Alinishika kidole."

Bwana Mizani alitunga. Siku nyingi kati ya hizo hakuzijua. Wakati ule alikuwa kwenye ziara za ukaguzi, anakuja Jumamosi kwa Jumamosi na viatu vyenye vumbi, na kila alipofika alikuta kadi tu imetundikwa, haulizi zaidi kwa sababu alikuwa haamini atapata jibu analolitaka. Sasa siku zilimfikia moja moja kwenye sindano. Siku ya saba mtoto aliongezeka gramu thelathini. Bwana Mizani alisimamisha sindano hapo.

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Ukasema mizani yao ina kasoro."

Akacheka, na mke wake akacheka kidogo, kisha wote wakanyamaza kwa haraka, kama watu ambao hawajaruhusiwa bado.

Walikwenda hivyo mpaka ya kumi na nane.

"Ya kumi na tisa," alisema mke wake. "Buluu."

Hakusikia ushanga ukigonga mwenzake.

"Baba. Buluu. Bakuli la kushoto."

"Siku hiyo nilikuwepo mimi," alisema Bwana Mizani.

"Najua. Jumamosi. Ulinifukuza niende nyumbani nikaoge, nikapitiwa na usingizi mpaka jioni. Niliporudi ukaniambia amekunywa maziwa akalala."

Alikuwa ameshika ushanga wa buluu kwa vidole viwili. Mke wake alikuwa amefumba macho. Angeutia tu, na dunia nzima isingejua. Alikuwa ameijua siku hiyo peke yake kwa miaka thelathini na minane na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Saa nane aliacha kupumua," alisema.

Mke wake alifumbua macho.

"Wakanisukuma pembeni. Daktari alikuja mbio. Baadaye mtoto akapumua, akawa mwekundu, akalala. Wakaweka kadi ya kijani. Nilimwomba muuguzi arudishe ya buluu kabla hujafika. Akakataa, akasema kadi ni ya siku nzima. Alipogeuka, nikaibadilisha mwenyewe."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni, sauti yake ikapungua mpaka ikaisha.

"Ulikuwa na nani?" mke wake aliuliza.

"Peke yangu."

"Walipokusukuma pembeni, ulifanya nini?"

"Nilihesabu."

"Ulihesabu nini?"

"Sekunde. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Zilifika mia moja na kumi na nne." Ushanga ukamponyoka, ukaanguka kwenye kitambaa. "Kila nikipima kitu, naanzia hapo."

Mke wake hakusema kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Hakusema amemsamehe; suala la kadi lilihitaji siku zake, na suala la shanga siku zake. Alinyoosha mkono kwenye bakuli la kulia, akapapasa, akatoa ushanga mmoja, akausogeza karibu na uso wa mume wake.

"Huu rangi gani?"

"Kijani."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akauweka kwenye kiganja chake, akakifunga kiganja hicho kwa mikono yake miwili, wakakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akamwachia.

"Tia," alisema. "Kifundo usikikaze sana, kioo kitapasuka."

Alitia, akafunga, akaonyesha.

"Ya ishirini," alisema mke wake, safari hii macho yake yakiwa wazi, yakimtazama. "Ishirini nilikuwepo mimi. Buluu."